Ramani ya Jiji na Sitara ya Uani

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya jiji, ikawa jiji la tano nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Wenyeji bado huiita Sisibo, yaani sitini na nne, kwa kuwa mji ulianza kama shamba nambari 64 katika ramani ya walowezi. Ramani ile ilichorwa pasipo kuulizwa mwenyeji yeyote. Je, hii ya jiji jipya itachorwa na nani, na mama aishiye West Indies, Langas au Huruma ataulizwa nini?

Swali hili lina uzito, kwani mpangaji miji hutenga fedha kwa kile akionacho. Mtaro usiokuwamo katika ramani hauzibuliwi, na uchochoro usiojulikana haupati taa. Hadi mwaka 2009, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, ambao ndugu zetu Wanubi huuita Kibra, ulikuwa nafasi tupu katika ramani nyingi. Vijana wa mtaa wenyewe ndio waliotembea na vifaa vya kupimia mahali wakaandika misikiti, shule, zahanati na vyoo.

Walichokiandika kiliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu aweza kuitazama na kuisahihisha bila malipo. Hiyo ndiyo maana ya takwimu huria: habari za mji hazifungiwi kabatini mwa ofisi.

Dar es Salaam ilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2015, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi wa Tandale na mitaa mingine isumbuliwayo na mafuriko. Walipima mitaro kwa upana na kina chake, wakaandika ipi imeziba taka. Kisha waliwauliza wakazi maji hufika wapi masika yakikolea. Hapo ndipo elimu ya chuoni ilipokaa chini kumsikiliza mwenye nyumba.

Ila inategemea mwenye nyumba yupi. Mpimaji akija adhuhuri na kuketi barazani na wanaume, ataambiwa kwamba bomba lipo, naye ataliandika. Mwenye kubeba ndoo ndiye ajuaye kuwa bomba hilo hutoa maji usiku wa manane tu, na kwamba njia ya kulifikia haipitiki kwa usalama baada ya Isha. Ramani isiyomuuliza huyu ina kasoro, hata ikichorwa kwa chombo cha thamani gani.

Huko Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa, wakiwemo mabinti, walirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba. Picha zao zikawa wazi kwa watumiaji. Faida yake kwa mipango ya ardhi haina shaka. Lakini nyumba zetu za pwani zina uani, mahali ambapo mwanamke hukaa bila mtandio, akapika na kuanika nguo. Surat an-Nur imetufundisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Jicho la angani nalo lapaswa kubisha hodi. Kwa rai yangu, haitoshi wataalamu kusema kuwa picha ni za mapaa. Mtaa na uambiwe siku na saa ya kurusha, na picha zitazamwe kabla hazijafunguliwa kwa ulimwengu.

Mpaka ni huu: paa, mtaro, njia na kisima ni mambo ya mji, yawe wazi. Nani anaishi humo, nani ni mjane, nani mgonjwa, hayo yabaki amana. Kenya imetunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, nayo yampa mtu haki ya kujua habari zake zinachukuliwa kwa sababu gani.

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 nayo inawapa wakazi nafasi ya kushiriki katika mipango. Basi kikao kikitangazwa mtaani, mama aende na jirani zake, aombe ramani itandazwe mezani, autafute uchochoro wake kwa kidole. Asipouona, auandikishe hapo hapo, pamoja na saa ambazo bomba hutoa maji.