MPIRA WA VINYOYA KWA WATU WENYE ULEMAVU: DARAJA LA MCHEZAJI NA SAFARI YAKE

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wengi wanaufahamu mpira wa vinyoya, yaani badminton, kuwa ni mchezo wa kujiburudisha baada ya saa za kazi. Wachache wanafahamu kwamba watu wenye ulemavu nao wana mashindano yao kamili ya mchezo huo, yenye kanuni, madaraja na orodha ya wachezaji bora wa dunia. Maelezo haya yanakusudiwa kuwasaidia wazazi, walimu na watumishi kufahamu jinsi safari ya mchezaji wa aina hiyo inavyoanza, na mahali ambapo huweza kukwama.

Mfano ulio wazi ni wa Mariam Eniola Bolaji wa Nigeria. Mwezi wa Septemba, 2024, mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 18, alimshinda Oksana Kozyna wa Ukraine kwa seti mbili, 21-9 na 21-9, akatunukiwa medali ya shaba. Hiyo ilikuwa ni medali ya kwanza kupatwa na Mwafrika katika mpira wa vinyoya, si katika Michezo ya Paralimpiki tu, bali hata katika ile ya Olimpiki. Ushindi huo ulitanguliwa na mambo mengi yasiyoonekana uwanjani, na la kwanza miongoni mwayo ni daraja.

Madaraja ya wachezaji

Ifahamike kwamba ulemavu haulingani. Ili mashindano yawe ya haki, wachezaji hugawanywa katika madaraja sita. WH1 na WH2 ni ya wanaotumia viti vya magurudumu. SL3 na SL4 ni ya wanaosimama lakini wana ulemavu wa miguu, na wale wa SL3 ndio wenye taabu zaidi ya kutembea, kukimbia na kujizuia wasianguke. SU5 ni ya wenye ulemavu wa mkono, na SH6 ni ya watu wafupi wa maumbile. Katika mchezo wa mmoja mmoja, wachezaji wa viti vya magurudumu na wale wa SL3 hutumia nusu ya upana wa uwanja. Madaraja mengine hutumia uwanja mzima.

Daraja hilo haliamuliwi na mzazi, mwalimu wala mchezaji mwenyewe. Wataalamu humpima mwili kwanza, kisha humtazama anavyocheza, na huweza kuendelea kumwangalia akiwa mashindanoni. Aidha, kipo kiwango cha chini cha ulemavu kinachotakiwa. Asiyekifikia hukataliwa kushindana, ingawa uamuzi huo haukanushi ulemavu alionao. Kwa kawaida upimaji wa kimataifa hufanyika mahali pa mashindano, siku chache kabla ya mchezo kuanza. Maana yake ni kwamba kijana hulazimika kupata pasi ya kusafiria, nauli na msindikizaji kabla hajajua kwa hakika kama atakubaliwa.

Daraja pia ndilo linaloamua ni milango ipi iliyo wazi. Mpira wa vinyoya ulikubaliwa mwaka 2014 kuingizwa katika Paralimpiki, na ulichezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Michezo hiyo ilikuwa na mashindano 14 ya vinyoya, lakini mchezo wa mmoja mmoja wa wanawake wa daraja la SL3, ambalo ndilo daraja la Bolaji, haukuwemo. Paris ilipoongeza idadi hadi 16, mchezo huo ukaingizwa, naye akapata nafasi ya kuonesha uwezo wake. Kama angeliacha mazoezi kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, kufunguliwa kwake kusingelimfaa kitu.

Mashindano ya Kampala

Baada ya daraja hufuata pointi. Mchezaji huzikusanya katika mashindano yanayotambuliwa na Shirikisho la Dunia, na nafasi nyingi za Paralimpiki hutolewa kwa kufuata orodha ya pointi hizo. Mengi ya mashindano hayo hufanyika Ulaya na Asia. Kwa sababu hiyo, mashindano ya kimataifa ya Uganda, yanayofanyika mjini Kampala, yana umuhimu wa pekee kwa Afrika Mashariki. Bolaji alicheza huko mwaka 2019 na kushinda. Mwezi wa Novemba, 2021, timu kubwa ya India ilifika Kampala, na miongoni mwa waliokuwemo ni Pramod Bhagat, aliyekuwa ametoka kupata medali ya dhahabu Tokyo. Wenyeji nao wamepata wachezaji wao, akiwemo Ritah Asiimwe wa daraja la SU5. Mchezaji wa kanda hii anaweza kwenda Kampala kukutana na mabingwa wa dunia bila ya gharama ya kuvuka mabara.

Hata hivyo, bado kuna safari ya kufika huko. Kata ya Nanyala, Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe, iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar es Salaam. Kijana wa Nanyala mwenye ulemavu wa mguu huona magari ya mizigo yakipita kila siku kuelekea mpakani, lakini yeye mwenyewe ana nusu ya nchi ya kuvuka kabla ya kuufikia mji huo mkubwa. Kijana wa kisiwani naye ana bahari. Wote wawili wanahitaji jambo moja: mtu wa kuwatambua mapema na kuwaandalia karatasi zao.

Kanuni na kumbukumbu

Umuhimu wa karatasi usidharauliwe. Mchezaji wa ngazi ya juu hutakiwa kueleza kila mara mahali anapoweza kupatikana, ili apimwe kama anatumia dawa zilizokatazwa. Bhagat aliyetajwa hapo juu hakushiriki katika Michezo ya Paris. Mwezi wa Agosti, 2024 alikuwa amefungiwa miezi 18, si kwa kukutwa na dawa mwilini, bali kwa makosa ya kutokupatikana mahali alipopaswa kuwepo. Bingwa alipoteza nafasi ya kutetea medali yake kwa jambo la taarifa.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa kuanza, mahitaji ni machache: wavu wenye urefu wa meta 1.524 katikati, mistari iliyochorwa sakafuni, raketi na vinyoya. Kinyoya kimoja huwa na manyoya 16, na uzito wake hauzidi gramu 5.5, hivyo upepo mdogo tu hukipotosha. Ukumbi wa skuli uliofungwa madirisha unafaa zaidi kuliko uwanja wa wazi.

Wazazi wanaombwa wasiwafiche watoto wenye ulemavu, na kumbukumbu zao za hospitali zihifadhiwe. Walimu wanaombwa wasiwaweke watoto hao pembeni kuwa watazamaji katika kipindi cha michezo. Watumishi wanaoshughulikia pasi, ruhusa na usafiri wanakumbushwa kwamba ombi lililochelewa wiki moja huweza kumkosesha kijana upimaji wa mwaka mzima. Huu si msaada wa hiari. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinataja haki ya kushiriki katika michezo, ikiwemo ile ya skuli.

Michezo ya Paralimpiki ya mwaka 2028 imepangwa kufanyika Los Angeles, na mpira wa vinyoya umo. Mchezaji atakayestahili kwenda huko, au katika Michezo itakayofuata, huenda hivi sasa amekaa pembezoni mwa uwanja wa skuli yake, akiwaokotea wenzake mpira.