Jua la Málaga halizami mpaka saa tatu usiku!

WATU wengi wakisikia Hispania, mawazo yanakimbilia Real Madrid na Barcelona. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka Juni moja shemeji yangu aliyehamia huko alipotualika, mimi na mama watoto, tukajirushe wiki moja Málaga, kwenye pwani ya kusini wanayoiita Costa del Sol, yaani Pwani ya Jua.

Jina halidanganyi. Siku ya kwanza tulikaa ufukwe wa Malagueta tukisubiri giza liingie turudi kupika. Bwana we! Saa kumi na mbili jua bado linachoma. Saa moja, bado. Saa mbili, watoto ndio kwanza wanajenga majumba ya mchanga. Lilizama saa tatu na nusu na ushee, na wenyeji wakaanza kutoka kutafuta chakula! Kwa hiyo msomaji, ukienda kule na ratiba yako ya Dar utashinda njaa. Cha mchana huliwa saa nane au tisa, na cha usiku saa nne si ajabu.

Lakini chakula chenyewe kinastahili kusubiriwa. Nenda Pedregalejo au El Palo, mitaa ya zamani ya wavuvi mashariki mwa mji. Wanachukua sadini, ndugu zake dagaa wetu ila hawa wana minofu, wanawatunga sita sita kwenye kijiti cha tete, kisha wanakichomeka mchangani kando ya moto wa kuni za mzeituni. Jiko ni mashua kuukuu iliyojazwa mchanga. Chumvi tu, hakuna mbwembwe, na unakula kwa vidole kama uko Feri. Wanaita espeto. Wenyeji wanasema samaki hao wananona miezi isiyo na herufi R, Mei hadi Agosti (itafute R hiyo kwa Kihispania, maana Septemba na Oktoba zetu hazinayo). Ukiwa hapo tazama jábega, mashua zao ndefu za makasia. Zimechorwa jicho kwenye omo, kama majahazi yetu yanavyowekewa macho.

Bahati nzuri tulikuta sikukuu ya San Juan, usiku wa tarehe 23 Juni. Ufukwe mzima mioto! Wanachoma madubwana ya matambara, na ikifika saa sita usiku watu wanaingia baharini kunawa uso ili mikosi iondoke. Marehemu bibi yangu angeniona naingia majini saa hiyo angeniitia shehe. Niliingia, nikapiga ukelele. Yale maji ni ya baridi, usidanganywe na jua.

Jua likizidi, panda Alcazaba, ngome ya watawala Waislamu wa karne ya 11, yenye bustani na maji yanayotiririka kwenye vijifereji. Chini yake pana ukumbi wa michezo wa Warumi, na mwendo mfupi tu kutoka hapo ni Plaza de la Merced, alipozaliwa Picasso mwaka 1881. Asubuhi moja inatosha kwa yote hayo, kwa miguu.

Sasa nije kwenye kisa kilichonikaa moyoni. Jioni moja mama watoto aliona kijana wa Kisenegali katandaza bidhaa chini: miwani, mikoba, vitambaa vya ufukweni. Lile shuka lake lina kamba kila pembe, zinakutana mkononi mwake. "Baba Asha, hawa si machinga wetu hawa!" Walipatana bei kwa ishara na "salaam aleikum" nyingi. Mama akatoa noti ya euro 20, kijana akawa anatafuta chenji. Mara mluzi! Kijana akavuta kamba, shuka likawa furushi, akatimua mbio na wenzake. Polisi hao. Noti imekwenda, kitambaa kimekwenda.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Eti mtu mweusi mwenzangu kaniliza Ulaya! Mama watoto akasema tukae pale pale. Tukakaa mpaka jua likazama, na nimeshakwambia linazama saa ngapi. Kijana akatokea anahema, kitambaa mkono mmoja, chenji mkono wa pili. Niliona aibu nikashindwa hata kumtazama. Akaelekeza kidole baharini, akasema neno moja tu, "barca". Nikamwuliza shemeji maana yake. Mashua. Ndivyo alivyofika.

Siku ya mwisho wenzetu walikwenda kuona mapango ya Nerja. Mama watoto akataka Tarifa, mwendo wa karibu masaa matatu kwa basi, ncha ya kusini kabisa ya Ulaya bara. Pana upepo mkali, vijana wanaruka juu ya mawimbi wakivutwa na tiara kubwa. Raha tupu. Lakini ufukwe huo huo wa Los Lances ndipo bahari ilipotupa maiti za Wamoroko mwezi Novemba 1988, baada ya mashua yao kuzama wakivuka.

Upande wa pili milima ya Moroko inaonekana waziwazi. Kilometa 14 tu. "Ndiyo Afrika ile?" mama watoto akauliza. Ndiyo. Kivuko cha Tanger kilikuwa kinapakia watalii, mwendo wa saa moja. Alitaka twende tukanyage kwetu kidogo, turudi jioni. Nikamwonyesha pasi: viza yetu ilikuwa ya kuingia mara moja. Ukitoka, umetoka.

Akajitanda kile kitambaa kujikinga upepo, tukakaa ukutani tukila karanga mpaka basi likaja.