Kabla ya Kujaza Majina ya Shule

Wadogo wetu wa Gredi ya 9, mkikaa na wazazi kuchagua sekondari pevu, msianze na majina. Najua, hapa Kakamega mvulana gani haoti jezi ya Green Commandos? Lakini mambo yamegeuka. Kwanza chagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, halafu masomo yako matatu. Shule isipoyafundisha, sifa zake ni za nini kwako? Kundi la kwanza, mwaka 2025, lilijaza shule 12, na 3 kati yake za kutwa. Hizo mtu huziandika ovyo ovyo, ati hatafika huko. Karo ya bweni ikikosekana, ya kutwa ndiyo darasa lako! Basi itembelee mapema, uulize kama mwalimu wa Fizikia yupo na maabara ina vifaa.