Gharama za bustani: Pimeni kwanza, bei baadaye

KAZI ya kutengeneza bustani za majumbani ni chanzo cha kipato kwa watu wengi jijini Dar es Salaam. Kandokando ya Barabara ya Bagamoyo wapo wauza miche wenye vitalu vya maua, miti ya kivuli na michongoma ya ua, na jirani yao wapo mafundi wanaosubiri kuitwa kwenda kupanda. Nyuma yao wapo wakulima na wafugaji wa Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo ambao wanaweza kuuza samadi, ukoka na miche.

Hata hivyo, biashara hii kwa sehemu kubwa bado huendeshwa kwa kukisia. Mwenye nyumba humwonyesha fundi eneo, fundi hutembea hatua chache, kisha hutaja bei moja ya jumla. Mwenye nyumba huikata nusu, wanavutana, mwisho wanakubaliana katikati. Hakuna aliyepima wala aliyeandika.

Miezi mitatu baadaye ukoka umekauka na magugu yametawala. Mwenye nyumba anasema fundi ni tapeli. Fundi anasema mwenye nyumba hakumwagilia. Mara nyingi tatizo lilianza siku ile ya mapatano, kwa kuwa bei waliyokubaliana haikutosha kununua bustani waliyoizungumza.

Makala haya yanaeleza namna ya kuijenga bei hiyo kipande kwa kipande, ili anayelipa ajue analipia nini, na anayefanya kazi ajue anabaki na kiasi gani.

Kila kitu kina kipimo

Katika kiwanja cha mita 20 kwa mita 20, yaani mita za mraba 400, ukiondoa nyumba, njia ya gari, choo na kibaraza, si ajabu kubaki na eneo la bustani la mita za mraba 100. Tutalitumia eneo hilo kama mfano.

Tuanze na udongo. Sehemu nyingi za Dar es Salaam zina mchanga ambao haushiki maji wala mbolea, hivyo fundi hushauri kuongeza udongo mzuri juu. Tabaka la sentimita 10 katika mita za mraba 100 ni mita za ujazo 10. Lori la tani 7 hubeba takriban mita za ujazo 5 za udongo. Kwa hiyo zinahitajika tripu mbili. Anayeleta tripu moja ameweka sentimita 5 tu, hata kama kwa macho eneo lote limefunikwa.

Pili ni samadi. Kilo 2 hadi 3 kwa kila mita ya mraba zinatosha kuanzia, maana yake ni kilo 200 hadi 300, au viroba 4 hadi 6 vya kilo 50. Iwe samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu.

Tatu ni nafasi ya kupanda. Vipande vya ukoka vikipandwa kwa nafasi ya sentimita 15 kila upande, mita moja ya mraba huchukua vipande 44, na eneo lote huchukua vipande 4,400 hivi. Nafasi ikiongezwa kuwa sentimita 30, vipande hupungua hadi 11 kwa mita, yaani 1,100 kwa eneo zima. Nafasi imeongezeka mara mbili, lakini ukoka umepungua kwa robo tatu. Ukoka uliopandwa mbalimbali huchelewa kufunga, na katika muda huo magugu hushika nafasi iliyo wazi.

Ua nao huhesabiwa hivyo hivyo. Ua wa mita 20 ukipandwa kwa nafasi ya sentimita 25 unahitaji miche 81. Ukipandwa kwa nafasi ya nusu mita, inatosha miche 41. Bei ya "kupanda ua" bila kutaja nafasi haina maana yoyote.

Mfano wa hesabu

Bei zilizo hapa chini ni za mfano tu. Msomaji aweke za eneo lake, lakini afuate mpangilio huu.

Kazi ya kusafisha, kulima, kusambaza udongo na kupanda: siku 9 za mtu mmoja, au watu watatu kwa siku 3, kwa Sh. 20,000 kwa siku, ni Sh. 180,000.

Udongo: tripu 2 kwa Sh. 150,000, ni Sh. 300,000.

Samadi: viroba 6 kwa Sh. 5,000, ni Sh. 30,000.

Ukoka: viroba 10 kwa Sh. 15,000, ni Sh. 150,000.

Kirikuu cha kubeba ukoka, samadi na vifaa: Sh. 40,000.

Jumla ya gharama ni Sh. 700,000. Hapo fundi aongeze asilimia 10 kwa ajili ya dharura na uchakavu wa majembe, toroli na mipira ya maji, ambayo ni Sh. 70,000. Kisha aweke asilimia 15 ya Sh. 770,000 kama malipo ya usimamizi na faida, ambayo ni Sh. 115,500. Bei ya kumtajia mteja inakuwa Sh. 885,500, sawa na Sh. 8,855 kwa mita ya mraba.

Fundi mwenye hesabu hii mkononi anaweza kuielezea bei yake bila kubabaika. Mteja naye anaweza kuuliza swali la maana: kama udongo wa kwake si mbaya, je, tripu zipungue? Hilo ni punguzo lenye sababu.

Bei ikikatwa, nini kinapungua?

Sasa tuseme mteja anashikilia Sh. 500,000 "kwa kila kitu", na fundi anakubali kwa kuwa wiki nzima hajapata kazi. Fundi hawezi kumshusha bei mwenye lori wala muuza ukoka. Anachoweza kupunguza ni kile ambacho mteja haoni.

Analeta tripu moja ya udongo badala ya mbili na kuokoa Sh. 150,000. Samadi anaiacha, akiokoa Sh. 30,000. Anapanda kwa sentimita 30, hivyo ukoka unamgharimu robo tu, na hapo anaokoa Sh. 112,500. Kwa kuwa kazi imepungua, siku 9 zinakuwa 5, na Sh. 80,000 nyingine zimebaki mfukoni.

Gharama yake sasa ni Sh. 327,500. Kutoka kwenye Sh. 500,000 anabaki na Sh. 172,500, ambazo ni nyingi kuliko faida ya Sh. 115,500 ambayo angeipata kwa kufanya kazi kamili.

Hapa ndipo penye ugonjwa wa biashara hii. Bei ya jumla isiyo na vipimo humlipa zaidi anayepunja, na humnyima kazi fundi mwaminifu kwa sababu bei yake huonekana kubwa. Mteja anayedhani ameokoa Sh. 385,500 atazitoa tena msimu ujao kung'oa magugu na kupanda upya. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Maji hayamo kwenye bei ya fundi

Gharama ambayo wengi huisahau ni maji. Wakati wa kiangazi, nyasi za bustani katika ukanda wa Pwani huhitaji takriban lita 3 hadi 4 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Bustani yetu ya mita za mraba 100 itakunywa lita 300 hadi 400 kila siku. Hayo ni matumizi ya familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 60 hadi 80.

Kwa mwezi ni lita 9,000 hadi 12,000, yaani yuniti 9 hadi 12 katika ankara ya maji. Anayenunua maji ya boza ahesabu takriban boza moja la lita 10,000 kila mwezi. Kuanzia Juni hadi Septemba, miezi minne, ni yuniti 36 hadi 48.

Mwenye nyumba apige hesabu hiyo kabla ya kuamua ukubwa wa eneo la nyasi. Kama maji ni ya shida, ni afadhali apande mita za mraba 40 na sehemu iliyobaki aweke miti ya kivuli, ambayo ikishashika mizizi haidai maji ya kila siku. Aidha, apande mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, au wakati wa vuli, ili mvua imsaidie kushikisha mizizi.

Matunzo ndiyo riziki ya kudumu

Kwa upande wa fundi, kazi ya kupanda huja kwa msimu. Kazi inayoweza kumlisha mwaka mzima ni matunzo: kukata nyasi, kupogoa ua, kupalilia na kuweka mbolea.

Tuchukue fundi mwenye wateja 8, kila mmoja akimtembelea mara mbili kwa mwezi kwa Sh. 25,000. Anapata Sh. 400,000 kwa siku 16 za kazi. Atoe nauli Sh. 3,000 na mafuta ya mashine Sh. 4,000 kwa kila safari, jumla Sh. 112,000. Mashine ya kukata nyasi ya Sh. 600,000 ikidumu miaka miwili, atenge Sh. 25,000 kila mwezi ili aweze kununua nyingine. Kunoa visu na matengenezo madogo tuweke Sh. 13,000. Anabaki na Sh. 250,000, na siku nyingine za mwezi yuko huru kwa kazi za kupanda.

Fundi asiyetenga fedha ya mashine hudhani anapata faida kubwa, kumbe anakula mtaji. Mashine ikifa, naye anarudi kwenye fyekeo.

Kibarua au mwajiriwa?

Mwenye nyumba naye ajue amemwita nani. Fundi anayekuja mara mbili kwa mwezi na vifaa vyake, akiwa na wateja wengine, anajitegemea. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaeleza kuwa mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi, katika miezi mitatu iliyopita, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtunza bustani anayekuja siku tatu kwa wiki, saa tano kila siku, tayari amevuka kiwango hicho.

Akishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu. Anastahili maelezo ya ajira yake kwa maandishi, muda wa kawaida wa kazi usiozidi saa 45 kwa wiki, na likizo ya malipo ya siku 28 kwa mwaka. Kumwita "shamba boi" hakubadilishi haki hizo. Ni busara gharama hizo ziingizwe kwenye hesabu mapema kuliko kukumbushwa kwenye shauri la kazi.

Mkulima asiuze shamba kwa tripu

Biashara ya bustani ina fursa kwa mkulima wa pembezoni mwa jiji, lakini pia ina mtego. Mtego wenyewe ni udongo.

Tripu moja ya mita za ujazo 5, ikichotwa kwa kina cha sentimita 10, huacha takriban mita za mraba 50 za shamba zikiwa uchi. Eka moja ina mita za mraba zipatazo 4,000, hivyo huisha kwa tripu 80. Tabaka hilo la juu ndilo lenye rutuba. Likishaondoka, mahindi na mihogo ya msimu unaofuata itapandwa kwenye udongo maskini. Kabla ya kupokea fedha ya tripu, mkulima alinganishe na mavuno atakayoyakosa kwa miaka mingi.

Vitu vinavyorudi ndivyo vya kuuza. Samadi hupatikana upya kila siku zizini. Miche huoteshwa upya kila msimu. Ukoka ukichumwa kwa vipande huku mizizi ikiachwa, huota tena. Tahadhari ni moja: ukoka ni gugu sugu shambani, kwa hiyo upandwe kwenye kitalu chake, mbali na mazao, na mipaka ipaliliwe mara kwa mara.

Mapatano yaandikwe

Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mapatano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Taabu yake ni kuthibitisha nani alisema nini. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha, ikiwa na mambo haya: eneo kwa mita za mraba, kina cha udongo na idadi ya tripu, idadi ya viroba vya samadi, aina ya nyasi na nafasi ya kupanda, idadi ya miche ya ua, siku ya kumaliza, na nani atamwagilia.

Jambo hilo la mwisho lina uzito. Fundi akikubali kubadilisha mimea itakayokufa, basi umwagiliaji uwe mikononi mwake na ulipiwe. Kama mwenye nyumba ndiye atakayemwagilia, fundi hawezi kubeba lawama ya ukame.

Malipo nayo yagawanywe. Mteja alipie vifaa vinapofika na kuhesabiwa mbele yake, alipe sehemu kubwa ya ufundi siku ya kumaliza kupanda, na abakize sehemu ndogo mpaka wiki ya sita, ukoka utakapokuwa umeshika. Kwa njia hiyo fundi hafanyi kazi kwa mtaji wa njaa, na mteja hatoi fedha zote kwa ahadi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetaka kupanda na mvua za Machi atumie Februari kupima eneo lake kwa tepu na kuuliza bei za udongo, samadi na ukoka, ili fundi atakapofika wazungumzie mita na viroba.