Kukokotoa Muda Uliopita: Saa ya Kiswahili katika Programu ya Mwanagenzi

Miongoni mwa mazoezi ya awali anayopewa mwanagenzi wa programu za kompyuta ni kukokotoa muda uliopita kati ya nyakati mbili. Zoezi hilo huonekana jepesi, lakini lina mitego miwili: wa hesabu na wa lugha.

Mtego wa kwanza ni kuichukua saa kama namba ya kawaida. Kutoka 9.50 hadi 11.20, anayetoa 950 katika 1120 hupata 170, jibu lisilo na maana, kwani saa ina dakika 60, si 100. Yafaa kila wakati ugeuzwe kwanza kuwa dakika tangu saa sita ya usiku: 590 na 680. Tofauti ni 90, yaani saa moja na nusu.

Mtego wa pili ni mzito zaidi. Kiswahili sanifu huhesabu saa za mchana tangu kunapokucha na za usiku tangu kunapokuchwa. Saa moja asubuhi ni 7.00 katika hesabu ya saa 24 inayoambatana na Kifaransa. Kila mfumo wa saa kumi na mbili una mshono wake. Wa Kizungu uko adhuhuri na usiku wa manane. Wa Kiswahili uko asubuhi na jioni, pale saa kumi na mbili inapoipisha saa moja.

Tuchukue mlinzi aliyeingia kazini saa 12.30 jioni, akatoka saa 11.45 alfajiri. Programu inayotoa tarakimu hizo kama zilivyo itasema kwamba amefanya kazi dakika 45 chini ya sifuri, na ujira wake utapotea. Utaratibu sahihi ni huu:

1. Saa 12 ihesabiwe kuwa 0.
2. Saa za mchana ziongezwe 6, za usiku 18. Jumla ikifika 24 au kuzidi, itolewe 24. Hivyo 12.30 jioni ni 18.30, na 11.45 alfajiri ni 5.45.
3. Nyakati zigeuzwe kuwa dakika: 1110 na 345.
4. Wa kwanza utolewe katika wa pili. Tofauti ikiwa hasi, iongezwe 1440, ambazo ni dakika za siku nzima: −765 + 1440 = 675.

Mlinzi amekesha saa 11 na dakika 15.

Utaratibu huu unatosha iwapo muda haufiki saa 24 na mahali ni pamoja. Muda ukizidi hapo, tarehe nayo yahitajika. Aidha, saa ya Lubumbashi huitangulia ya Kinshasa kwa saa moja: ndege iliyoondoka Lubumbashi 9.00 na kutua Kinshasa 10.30 kwa saa ya huko imesafiri saa mbili na nusu.

Basi maneno «asubuhi», «jioni» na «alfajiri» si mapambo ya sentensi. Ni sehemu ya namba yenyewe, na programu isiyoyauliza haiwezi kuhesabu.