Waliosikia Kwanza: Utangulizi wa Kujifunza Biblia na Asili Yake

Mtu anapoazimia kujifunza Biblia kwa taratibu, asitosheke tena na mistari michache isomwayo kanisani siku ya Jumapili, aghalabu huanza kwa bidii kubwa katika sura ya kwanza ya Mwanzo, akapita kitabu cha Kutoka kwa furaha, akafika Mambo ya Walawi, na huko, katikati ya hukumu za sadaka na ukoma, bidii ikampungukia na kitabu kikarudi kabatini. Hakukosa akili wala imani. Alilokosa ni mtu wa kumwarifu mapema kwamba alichokifungua ni maktaba nzima iliyojalidiwa pamoja: vitabu 66 kwa hesabu ya Waprotestanti, 73 kwa Wakatoliki, na 81 kwa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, vilivyoandikwa na watu wengi katika muda wa karne nyingi, sehemu kubwa kwa Kiebrania na Kiyunani, na sehemu chache kwa Kiaramu. Ndani yake mna sheria, historia za wafalme, nyimbo, methali, maombolezo, barua na maono. Na asomaye barua kana kwamba ni sheria, au wimbo kana kwamba ni historia, hana budi kutatizika.

Makala haya yanakusudia kumpa anayeanza ufunguo mmoja tu, ambao kwa maoni yangu unafungua milango mingi kuliko yote mingine, nao ni swali hili: kitabu hiki kilisomwa kwanza mbele ya nani? Maana hapana kitabu hata kimoja katika Biblia kilichoandikwa hewani. Kila kimoja kilikuwa na wasikiaji wake, wenye lugha yao, hofu zao na desturi zao, na mwandishi aliwatazama hao alipokuwa akiyapanga maneno yake.

Ili kulifahamu jambo hili hatuna haja ya kuanza na Yerusalemu. Na tuanze hapa Hale, katika wilaya ya Korogwe, kando ya Mto Pangani, ambapo reli ya Tanga na mashamba ya mkonge viliwakutanisha Wazigua, Wabondei na Wasambaa, wenyeji wa nchi hii, na watu waliokuja kufanya kazi kutoka pande nyingi za mbali, kila mmoja na lugha ya mamaye, wote wakisemezana kwa Kiswahili. Mwenye Biblia katika nyumba yoyote ya Hale na aifunue katika ukurasa ule wa mbele ambao watu huupita bila kuutazama. Huenda akakuta imeandikwa kwamba hiyo ni tafsiri ya Union, ambayo Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1952, nayo ilifanywa ili makanisa ya pwani na bara, ambayo kabla ya hapo yalikuwa yakisoma tafsiri mbalimbali, hizi za Kiunguja na hizi za Kimvita, yapate kusoma kitabu kimoja. Miaka 15 kabla yake, yaani 1937, ilikuwa imetoka Biblia ya Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyepata kuandika sarufi ya Kisambaa, lugha ya milima ile iliyo kaskazini yetu. Naye Roehl, kwa kuwa aliwafikiria zaidi wasikiaji wa bara, alijitahidi kuyapunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuyatia mahali pake maneno ya asili ya Kibantu.

Tukirudi nyuma zaidi twamkuta Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na misheni ya Kianglikana ya UMCA, misheni ileile iliyovuka bahari ikajenga Magila karibu na Muheza, na baadaye ikafika Korogwe. Steere mwenyewe alisimulia ya kuwa Sheikh Abdulaziz, mmoja wa maulamaa wakubwa wa Unguja wakati huo, alijitolea kwa hisani yake kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi kuliko chote. Kazi ilifika Zaburi ya 16, ikakoma. Kwanza kwa sababu sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na pili kwa sababu Steere aliona kwamba Kiswahili kile kilikuwa cha kitaalamu mno kwa watu aliowakusudia. Hata hivyo alizipiga chapa Zaburi zile, ziwe ukumbusho wa hisani ya sheikh na mfano wa lugha ya mabingwa. Agano Jipya la Steere likatoka mwaka 1879, na Biblia nzima haikupatikana mpaka baada ya kufa kwake mwaka 1882. Na kabla ya Steere alikuwako mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye mwaka 1844, mara baada ya kufika Mombasa, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, naye pia akisaidiwa na kadhi Mwislamu. Ni jambo la kukumbukwa kwa taadhima katika nchi hii, ambamo msikiti na kanisa ni jirani, kwamba wanazuoni wa Kiislamu, waliozijua habari za Taurati, Zaburi na Injili kwa mafunzo ya dini yao, walikuwa miongoni mwa waliokikaribisha kitabu hiki katika lugha yetu.

Zitazame vema Zaburi zile 16 za Sheikh Abdulaziz, kwani ndani ya kisa chake mna elimu nzima ya asili ya Biblia kwa ufupi. Maneno ni yaleyale, walakini yamepitia mikono. Mwandishi mmoja anapendelea lugha ya maulamaa, mwingine lugha ya watu wa kawaida, wa tatu anawafikiria watu wa bara, na wa nne, yaani kamati, inatafuta mapatano. Na kila mmoja anaamua kwa kuwatazama wasikiaji wake. Yaliyotendeka Unguja na Mombasa jana ndiyo yaliyotendeka Yerusalemu, Babeli, Aleksandria na Roma zamani.

Kiyunani cha Agano Jipya, mathalani, hakikuwa Kiyunani cha wanafalsafa wa Athene. Kilikuwa lugha ya bandari na masoko, waliyosemezana watu wa makabila mengi kandokando ya bahari ya Mediterania, kama watu wa mashamba ya mkonge hapa Hale wanavyosemezana kwa Kiswahili. Maandiko ya kwanza kabisa ya Agano Jipya ni barua za Mtume Paulo, na waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, ambao wataalamu wengi huuweka karibu na mwaka 50, unatangulia Injili zote nne, ijapokuwa katika mpango wa kitabu Injili ndizo zilizowekwa mbele. Barua hizo ziliandikiwa watu waliojulikana kwa majina, na zilisomwa kwa sauti mkutanoni. Hata katibu aliyeuandika Waraka kwa Warumi kwa imla ya Paulo, Tertio, alitia salamu zake mwenyewe katika sura ya mwisho.

Atakaye kuona kwa macho yake jinsi kitabu cha nabii kilivyopatikana, na asome sura ya 36 ya Yeremia. Nabii amezuiliwa asiingie hekaluni. Anamwita Baruku, katibu wake, anamsomea maneno yake kwa kinywa, na Baruku anayaandika kwa wino katika gombo. Baruku anakwenda kulisoma hekaluni, habari zinafika kwa wakuu, na hatimaye gombo linaletwa mbele ya mfalme Yehoyakimu, aliyeketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake. Msomaji anasoma safu tatu au nne. Mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni. Safu nyingine zinasomwa, nazo zinakatwa vilevile, mpaka gombo zima linateketea. Ndipo Yeremia anapomwita Baruku tena, gombo la pili linaandikwa, na msimulizi anatujulisha waziwazi ya kwamba safari hii yaliongezwa maneno mengi mengine yaliyofanana na yale ya kwanza.

Hapo ndani ya Biblia yenyewe twajifunza kuwa kitabu cha nabii kilianza kwa kusemwa, kikaandikwa, kikapotea, kikaandikwa tena na kuongezwa. Fauka ya hayo, tafsiri ya kale ya Kiyunani, ambayo ilianza kufanywa huko Aleksandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo kwa ajili ya Wayahudi waliokwisha kuzoea lugha hiyo, ina kitabu cha Yeremia kilicho kifupi kwa kadiri ya sehemu moja katika nane kuliko cha Kiebrania, na mpango wake wa sura ni mwingine. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana iwapo wafasiri ndio waliofupisha. Kisha, kuanzia mwaka 1947, yakavumbuliwa magombo katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, na miongoni mwake mkawamo vipande vya Kiebrania vya Yeremia vya namna zote mbili, fupi na ndefu. Katika mapango hayohayo lilipatikana gombo la Isaya, karibu lote zima, lililotangulia kwa kadiri ya miaka elfu moja nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana hapo awali. Na lilipolinganishwa nazo ilidhihirika kwamba wanakili wa karne zote hizo waliifanya kazi yao kwa uaminifu mkubwa, ijapokuwa hitilafu ndogondogo hazikukosekana.

Sasa na tulitumie swali letu katika Injili, tuone linavyofanya kazi. Fungua Marko, sura ya saba, penye kisa cha Mafarisayo kuwalaumu wanafunzi kwa kula bila kunawa mikono. Katikati ya kisa Marko anasimama kidogo na kueleza desturi za Wayahudi za kunawa, na namna wanavyoosha vyombo vyao. Kisha fungua Mathayo, sura ya 15, usome kisa hichohicho: maelezo yale hayamo hata kidogo. Kwa nini? Yadhihirika kwamba Marko aliwaandikia watu ambao wengi wao hawakuwa Wayahudi, wasiojua desturi hizo, ilhali Mathayo, ambaye kila mara anarejea maneno ya manabii, aliwaandikia watu waliolelewa katika desturi hizo, na kuwaeleza kungekuwa kuwachosha bure. Naye Luka, katika mistari yake minne ya kwanza, anakiri kwamba wengi walitangulia kuandika, kwamba habari zilitoka kwa walioona kwa macho, na kwamba yeye mwenyewe alizichunguza kwa uangalifu kabla ya kumwandikia Theofilo. Wataalamu walio wengi wanaona kuwa Marko, karibu na mwaka 70, ndiye aliyetangulia, na kwamba Mathayo na Luka walikuwa na kitabu chake mbele yao.

Kuhusu namna vitabu hivi vilivyokusanywa pamoja, yatosha kusema kwa ufupi kwamba hapana siku moja ambayo wakubwa waliketi wakavichagua vyote. Makanisa yalisoma, yakabadilishana nakala, yakapatana juu ya vingi na kubishana juu ya vichache. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile kama tulivyonavyo leo, imo katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Hitilafu ya hesabu kati ya Wakatoliki na Waprotestanti ni ya Agano la Kale, na inatokana na vitabu vilivyokuwamo katika mkusanyo wa Kiyunani visiwemo katika ule wa Kiebrania. Hata namba za mistari, ambazo twazitegemea mno, zilitiwa katika Agano Jipya na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Kwa hiyo asidhani msomaji kwamba Paulo alipumzika mahali ambapo mstari unaisha.

Wako wanaohofu kwamba elimu hii itaidhoofisha imani. Hofu yao inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa inatoka katika mapenzi. Jibu langu ni kwamba Biblia yenyewe haikuficha asili yake: imetaja makatibu wake, magombo yake yaliyochomwa, mashahidi wake na uchunguzi wao. Anayeamini kwamba Mungu alisema na watu hana sababu ya kuogopa kujua ni watu gani, wakati gani, na kwa lugha gani. Na anayesoma bila kuuliza hayo yumo hatarini zaidi, kwa kuwa humpachika mwandishi mawazo yake mwenyewe, kisha akayaita neno la Mungu.

Basi anayeanza na aanze hivi. Asome kwanza Injili ya Marko yote, sura 16, kwa kikao kimoja, jambo linalowezekana kabisa katika alasiri moja. Afuatishe Luka pamoja na Matendo ya Mitume, vilivyo vya mwandishi mmoja. Kisha Mwanzo na Kutoka, kisha Amosi, nabii mfupi na wazi, pamoja na habari za zama zake katika Wafalme wa Pili. Mambo ya Walawi na Ufunuo yangoje mpaka awe amezoea. Aweke kando yake tafsiri mbili, mathalani ya Union na ya Habari Njema, na mahali zinapohitilafiana asimame atafute sababu. Akiwa na itifaki ya Biblia, ifaayo kutafutia maneno, ni heri. Akikosa, marejeo yaliyomo pembeni mwa kurasa yatamfaa sana. Na katika daftari, mbele ya kila kitabu, aandike mambo manne: nani anasema, anasema na nani, wana shida gani, na anataka watende nini. Jumuiya za Hale, zenye watu wa lugha tano au sita katika chumba kimoja, zina nafasi njema ya kuifanya kazi hii kwa pamoja, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, kwani ndivyo vitabu hivi vilivyosomwa tangu mwanzo. Na mambo yale manne yakiisha kujibiwa, ndipo wageukie swali la tano, la kwamba sisi nasi twaambiwa nini, wakiwa na msingi wa kulijibu kwa haki.