Valvu Husingiziwa

Mwaka 1946 kampuni ya Hallicrafters ya Chicago, Marekani, iliingiza sokoni redio ndogo ya masafa mafupi iitwayo S-38. Umbo lake lilibuniwa na Raymond Loewy, na bei yake ilikuwa ya chini. Vijana wengi wa huko walianza nayo kuwasikiliza wanaredio wa ridhaa kabla hawajapata leseni zao wenyewe. Leo redio hizo huuzwa zikiwa bubu au zikinguruma, na mnunuzi akishafungua sanduku tu hukimbilia kung'oa valvu.

Zipo siku ambazo valvu ina kosa kweli. S-38 ina valvu 6 na haina transfoma ya umeme. Filamenti zote zimeungwa mfululizo, na tarakimu za mwanzo za jina la kila valvu hutaja volti inazohitaji: 12SA7, 12SK7, 12SQ7 mbili, 35L6 na 35Z5. Ukijumlisha unapata 118, yaani umeme wa ukutani wa Marekani. Filamenti moja ikikatika, zote huzimika. Pima moja moja kwa mita, utaipata iliyokatika, basi.

Kizungumkuti ni redio inayowaka. Sauti inatoka imekwaruza, na 35L6, ile valvu inayosukuma spika, inachemka kupita kiasi. Fundi anaweka mpya, mambo yanatulia kwa muda, kisha hiyo mpya nayo inachoka. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi, husema wahenga. Hapa aliyekamatwa na ngozi ni valvu, ila mwizi mara nyingi ni kapasita ya karatasi iliyojificha chini ya chasisi, kati ya 12SQ7 na 35L6.

Kapasita hiyo ina mguu mmoja kwenye anodi yenye, tuseme, volti 60. Mguu wa pili uko kwenye gridi ya 35L6, ambayo hutakiwa kuwa hasi kwa volti 7 hivi ikilinganishwa na kathodi. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzizuia zile volti 60. Lakini karatasi yake imefyonza unyevu kwa zaidi ya miaka 70, na sasa inavujisha. Ukiipima nje ya redio kwa mita ya kawaida, inaweza kukudanganya, kwa sababu mita huitia volti chache tu. Ubovu wake hujitokeza inapobebeshwa mzigo wake wa kila siku.

Kwa hiyo ipime ikiwa kazini. Zima redio, ng'oa plagi, subiri kapasita kubwa zimalize chaji, kisha fungua ule mguu wa upande wa gridi. Unganisha mita ya kidijiti kati ya mguu huo na laini hasi ya saketi, ndipo uwashe. Kapasita nzima itaonyesha karibu sifuri. Ukisoma volti 30, yaani nusu ya zile 60, maana yake uvujaji wake una ukinzani sawa na wa mita yenyewe, ambao kwa kawaida ni megaomu 10. Megaomu 10 zinasikika nyingi. Hata hivyo, rezista ya gridi ikiwa ya kilo-omu 470, uvujaji huo unatosha kuipandisha gridi kwa karibu volti 3. Breki za valvu zinalegea, mkondo unazidi, na joto linapanda.

Kipimo hiki hakifanywi kienyeji. Kwa kuwa hakuna transfoma, waya mmoja wa umeme wa ukutani umeingia moja kwa moja kwenye saketi; plagi ikigeuzwa, unachokishika kinaweza kukuua. Walioko Kenya na Tanzania wana mtego wa ziada: vile visanduku vya kushusha umeme kutoka volti 230 au 240 hadi 110 vingi vina msokoto mmoja unaotumika pande zote mbili. Vinashusha volti, lakini havikutengi na laini ya umeme. Tafuta transfoma yenye misokoto miwili iliyotenganishwa.

Ngurumo ni kesi nyingine. Katika redio kubwa za transfoma, ngurumo ya hezi 120, kwa umeme wa Marekani, huelekeza kwenye kapasita za kuchuja zilizokauka. Ya 60 huelekeza kwingine, kama filamenti inayovujisha umeme hadi kwenye kathodi. Katika S-38 sikio halikusaidii, maana kasoro zote mbili hulia kwa hezi 60.

Kapasita ya karatasi ikishathibitika kuwa mbovu, lehemu ya plastiki yenye thamani ileile, ya volti 400 au 630, kisha pima gridi upya. Na kabla hujaagiza 35L6 nyingine, rudisha kwanza ile ya zamani, uisikilize.